Ndugu yetu anataka tuuze shamba la urithi ili anunue ukaazi wa kudumu Kanada

Mwalimu, assalamu alaykum.

Mimi ni mkaazi wa Langoni, mjini Lamu, na ndiye mkubwa katika nyumba ya watoto wanne. Marehemu baba yetu alituachia nyumba tunayokaa pamoja na mama, na shamba la minazi na miembe kwenye njia ya Matondoni ambalo mpaka leo hatujaligawa. Mdogo wetu wa mwisho, mwenye umri wa miaka 27, alifanya kazi ya upishi katika hoteli moja ya Shela kwa miaka minne, kisha akapata nafasi ya kusomea usimamizi wa biashara nchini Kanada, karibu na jiji la Toronto. Aliondoka Agosti 2024. Kozi yake ni ya miaka miwili na anatarajia kuimaliza mwezi Aprili. Ada ya mwaka wa kwanza tuliichanga kwa taabu: mama aliuza dhahabu zake, mimi nikakopa kwenye chama chetu cha akina mama, na ami yetu akajazia kilichobaki.

Sasa amepiga simu na habari ambayo imetunyima usingizi. Mwenzake wa chumbani amemjulisha kwa ajenti mmoja, mtu wa nyumbani anayezungumza Kiswahili vizuri, ambaye amemwambia kwamba kibali cha masomo kikiisha mwanafunzi hurudishwa kwao, na kwamba njia pekee ya hakika ni kununua barua ya kazi iliyopitishwa na serikali. Bei yake ni dola 25,000 za Kanada, yaani zaidi ya shilingi milioni mbili za kwetu, na ameahidiwa ukaazi wa kudumu ndani ya miezi sita. Ndugu yetu anataka tuuze shamba. Mnunuzi yupo, ni mtu wa bara ambaye amekuwa akilizungukia shamba hilo tangu ujenzi wa bandari uanze. Mama amekubali huku analia. Ami amekataa katakata, lakini ushauri wake nao unanitia hofu, kwa kuwa anasema heri kijana aoe mwanamke wa huko mwenye uraia, hata kama ni ndoa ya karatasi tu.

Kuna jambo moja zaidi. Ndugu yangu alifunga ndoa hapa Lamu muda mfupi kabla hajasafiri, na wana mtoto wa kike aliyezaliwa baada ya yeye kuondoka. Ajenti amemwambia kwenye fomu aandike kwamba hajaoa, kwa sababu asiye na mke hupewa pointi nyingi. Wifi yangu hajui lolote kuhusu hili.

Je, tuuze? Na kama tusipouza, ipo njia ya halali, au mtoto wetu atarudi mikono mitupu na madeni juu?

Dada yake, Langoni, Lamu

JIBU

Wa alaykumu ssalaam warahmatullah, dada yangu.

Msiuze shamba, na msimpe mtu huyo hata shilingi moja ya kushika nafasi. Nitaeleza kwa urefu, kwa sababu najua kwamba mama akiambiwa tu kuwa haiuzwi, ataona mtoto wake ameachwa peke yake ugenini, na ndugu yako akijibiwa hivyo bila maelezo atatafuta pesa hizo kwingine.

Jambo la kwanza ambalo ndugu yako hajaambiwa ni kwamba bidhaa anayouziwa imekwisha kazi yake. Kanada huwachagua sehemu kubwa ya wakaazi wake wa kudumu wenye ujuzi kupitia utaratibu uitwao Express Entry, ulioanza Januari 2015. Mwombaji hujaza wasifu wake kwenye mtandao wa serikali, hupewa pointi kwa umri, elimu, lugha na uzoefu wa kazi, huwekwa kwenye orodha pamoja na wenzake, na kila baada ya muda serikali huwaalika wale waliofikia kiwango cha duru hiyo. Hapo nyuma, barua ya kazi yenye idhini ya serikali, ile wanayoiita LMIA, ilimwongezea mwombaji pointi 50, na kwa vyeo vya juu kabisa pointi 200. Pointi hizo ndizo zilizozaa biashara ya kuuziana barua. Serikali ya Kanada iliziondoa tarehe 25 Machi 2025, na ilitangaza wazi kwamba inafanya hivyo ili kupunguza ulaghai. Kwa hiyo hata barua hiyo ingekuwa halali, na hata mwajiri angekuwa mtu wa kweli, isingempandisha ndugu yako kwenye orodha hata kwa nafasi moja. Mtu anayeiuza kwa dola 25,000 leo ama hajui sheria ya kazi yake mwenyewe, ama anaijua vizuri na anategemea kwamba ninyi hamuijui.

Halafu haiwezi kuwa halali, kwa sababu ni kosa kumuuzia mtu kazi huko. Anayewasilisha hati bandia au maelezo ya uongo kwa idara ya uhamiaji ya Kanada hufungiwa mlango kwa miaka mitano, na ukaazi uliopatikana kwa uongo unaweza kufutwa miaka mingi baadaye, mtu akiwa amekwisha kujenga maisha. Mwaka 2023 dunia nzima ilisikia habari za wanafunzi kutoka India waliogundulika kuwa waliingia Kanada kwa barua bandia za vyuo. Baadhi yao walikuwa wamekwisha kuhitimu na kuanza kazi, na uongo wa ajenti wao ulijitokeza pale walipoomba ukaazi wa kudumu, kwa maana hapo ndipo faili lote la mtu, tangu karatasi ya kwanza, hufunguliwa na kusomwa upya. Nakuomba umweleze ndugu yako habari hiyo bila kumtisha. Wengi wa vijana wale walisema kwamba wao wenyewe walidanganywa, na bado ni majina yao yaliyokuwa kwenye karatasi.

Sasa nije kwenye njia yenyewe, kwa maana ipo. Kauli ya kwamba kibali cha masomo kikiisha mtu hurudishwa imeficha hatua nzima iliyo katikati. Mwanafunzi aliyehitimu katika chuo na programu zinazokubalika anaweza kuomba kibali cha kazi cha baada ya masomo, ambacho kwa programu ya miaka miwili hutolewa kwa muda wa hadi miaka mitatu. Kibali hiki hakimfungi kwa mwajiri mmoja, na hakihitaji barua ya kazi ya mtu yeyote. Lakini hutolewa mara moja tu katika maisha ya mtu, kwa hiyo asikiombe kwa pupa wala asikicheleweshe.

Kuna sehemu nne ambazo vijana wetu hukwama hapa. Tarehe ndiyo ya kwanza. Muda wa kuomba ni siku 180 tangu chuo kithibitishe kwa maandishi kwamba amemaliza, lakini kibali cha masomo chenyewe hukoma siku 90 baada ya kumaliza masomo, au tarehe iliyoandikwa juu yake ikiwa hiyo itatangulia. Wengi huzisikia zile 180 na kuzisahau hizi 90. Mara tu atakapopata barua ya kumaliza na orodha ya alama zake, aombe. Akiomba wakati kibali cha masomo bado kina uhai, na mradi hakuwahi kukiuka masharti yake, anaruhusiwa kufanya kazi kwa saa zote huku akisubiri jibu. Hapo namuuliza swali ambalo ni lazima alijibu kwa ukweli: je, wakati wa masomo alizidisha saa za kazi? Tangu Novemba 2024 kikomo cha kufanya kazi nje ya chuo ni saa 24 kwa wiki wakati wa muhula. Ikiwa alizidisha, asilifiche, na asiombe chochote kabla ya kuzungumza na mwanasheria.

Ya pili ni lugha. Tangu tarehe 1 Novemba 2024 mhitimu anayeomba kibali hiki anatakiwa aonyeshe matokeo ya mtihani wa lugha. Kwa diploma kama yake kiwango ni ngazi ya 5 katika kipimo cha Kanada kiitwacho CLB, ambacho kwa kijana aliyesomea Kiingereza tangu shule ya msingi hakipaswi kumtia hofu. Ajiandikishe kwa mtihani mapema, kwa sababu nafasi hujaa na matokeo huchukua muda. Ya tatu ni pasipoti. Kibali hakitolewi kupita tarehe ya mwisho ya pasipoti, na nimewaona vijana wa Malindi waliopewa mwaka mmoja na miezi kadhaa badala ya miaka mitatu kwa sababu hii tu, kisha wakahangaika kuomba nyongeza. Aitazame leo.

Ya nne ndiyo inayonipa wasiwasi zaidi, kwa sababu si kosa lake na yeye anaweza asiijue kabisa. Katika eneo la Toronto palikuwa na kampasi nyingi za watu binafsi zilizofundisha mtaala wa chuo cha umma kwa makubaliano, na mwanafunzi akapata cheti chenye jina la chuo cha umma. Walioanza masomo katika mipango ya aina hiyo baada ya tarehe 15 Mei 2024 hawastahili kupewa kibali cha kazi cha baada ya masomo. Yeye alianza Septemba 2024. Aende kwenye ofisi ya wanafunzi wa kimataifa ya chuo chake, aulize kwa maandishi kama programu yake inastahili, na jibu lije kwa maandishi. Kila nitakachosema kuanzia hapa kinategemea jibu hilo.

Tuseme jibu ni jema. Kibali cha kazi kinampa muda wa kutafuta kitu kimoja: mwaka mmoja wa kazi yenye ujuzi ndani ya Kanada, yaani saa 1,560 za malipo, zilizofanywa baada ya masomo. Saa alizofanya akiwa mwanafunzi wa kutwa hazihesabiwi, hata zingekuwa elfu tano. Kazi ya kujiajiri haihesabiwi pia, na ndiyo maana nawasihi vijana wasiutumie muda wao wote kupeleka vyakula kwa baiskeli au kuendesha teksi za programu za simu. Zinalipa kodi ya nyumba, lakini haziwasogezi kwenye ukaazi.

Neno "ujuzi" lina maana ya kisheria hapo. Kanada imezipanga kazi zote katika madaraja kuanzia 0 hadi 5, na kwa njia hii hukubaliwa madaraja ya 0 hadi 3 tu. Chukua jiko la hoteli moja. Mpishi, anayeandaa na kupika chakula kamili, yupo daraja la 3, na kazi yake inahesabiwa. Msaidizi wa jikoni, anayemenya viazi, kuosha sufuria na kupanga sahani, yupo daraja la 5, na hata akifanya kazi miaka mitatu mfululizo katika jiko lile lile haimpi kitu. Vivyo hivyo anayepanga bidhaa kwenye rafu za supamaketi yupo daraja la 5, wakati msimamizi wake yupo daraja la 2. Na afisa haangalii jina la cheo peke yake. Husoma majukumu yaliyoorodheshwa kwenye barua ya mwajiri na kuyalinganisha na maelezo ya serikali. Ndugu yako amepika Shela miaka minne, na mtu aliyekwisha kupikia wageni katika hoteli zile hana haja ya kukubali kazi ya kuosha sufuria kwa hofu. Atafute kazi ya upishi, au ya usimamizi inayolingana na diploma yake, na tangu siku ya kwanza atunze hati za mshahara na mkataba.

Miaka ile minne ya Shela nayo ina thamani, kwa sababu kazi yenye ujuzi iliyofanywa nje ya Kanada ndani ya miaka kumi iliyopita huongeza pointi, ikiwa ina ushahidi. Hapo ndipo unapoingia wewe, dada yangu, na nitalirudia.

Sitakuficha kuhusu ushindani. Serikali ya Kanada imepunguza idadi ya wakaazi wapya: lengo la mwaka 2025 lilikuwa watu 395,000, baada ya lengo la 485,000 mwaka uliotangulia. Katika mwaka huo wa 2025, duru za waliofanya kazi ndani ya Kanada zilihitaji zaidi ya pointi 500. Umri unamsaidia, kwa kuwa pointi za umri huanza kupungua mtu akifikia miaka 30. Anachoweza kukibadilisha yeye mwenyewe ni lugha. Katika mtihani wa Kiingereza uitwao IELTS, wa aina ya jumla, alama 6 katika kila sehemu ni ngazi ya 7, lakini akifika 8 katika kusikiliza na 7 katika kusoma, kuandika na kuzungumza, anakuwa ngazi ya 9, na hapo pointi za elimu na za uzoefu wa kazi huongezeka pamoja na za lugha. Mtihani unaofanywa kwa ada ndogo unaweza kumpa kile ambacho dola 25,000 haziwezi kukinunua.

Kuna na Kifaransa. Kanada ina duru maalumu za wanaokijua, na mnamo Machi 2025 duru mojawapo ilishuka hadi pointi 379. Si jambo la kujifunza kwa mwezi mmoja, kwa kuwa kinachotakiwa ni ngazi ya 7 katika stadi zote nne. Hata hivyo atakuwa na miaka mitatu, na watu wetu wa pwani hawajawahi kuogopa lugha. Hapa Malindi wapo wauza vinyago na waendesha tuktuk ambao hawakuingia darasani, lakini wanabishana bei kwa Kitaliano mpaka mgeni anachoka. Kijana aliye Kanada ana madarasa ya bei nafuu na watu wa kuzungumza nao. Mimi ningeanza mwezi huu.

Pia asijifunge Toronto. Majimbo huteua wahamiaji wao, na uteuzi wa jimbo huongeza pointi 600. Tangu Januari 2025 upo mpango wa jumuiya za miji midogo 14, ikiwemo Thunder Bay na Brandon, ambako kazi ya kweli kutoka kwa mwajiri aliyeidhinishwa na jumuiya hiyo hufungua njia ya ukaazi. Huko barua ya kazi ina uzito, na haitolewi kwa malipo. Baridi ni kali na Waswahili ni wachache, lakini kijana aliyekulia kisiwani si mgeni wa maisha ya mji mdogo.

Ushauri wa ami nitaujibu kwa ufupi. Ndoa iliyofungwa kwa ajili ya kupata ukaazi haitambuliwi na sheria ya uhamiaji ya Kanada, ni udanganyifu wenye adhabu ile ile ya miaka mitano, na ndugu yako tayari ana mke. Mpe ami heshima zangu, na umwambie kwamba nia yake ya kulinda shamba ni njema, ila njia hiyo ifungwe kabisa.

Jambo ulilolitaja mwisho ndilo ambalo lingenifanya nikupigie simu usiku huu kama ningekuwa na nambari yako. Kumficha mke na mtoto kwenye fomu ya ukaazi ni zaidi ya kosa la karatasi. Kanuni za Kanada zinasema kwamba mtu wa familia ambaye mwombaji hakumtaja, na kwa hiyo hakuchunguzwa wakati wa maombi, hawezi kudhaminiwa baadaye katika kundi la familia. Yaani ndugu yako akipata ukaazi kwa kuandika kwamba hajaoa, siku atakapotaka kumleta mkewe na binti yake atajibiwa kwamba kwa mujibu wa maneno yake mwenyewe hawakuwapo. Mtoto aliyezaliwa bila baba kuwepo anaweza kukua mpaka akawa mtu mzima bila kuishi naye, kwa ajili ya mstari mmoja uliojazwa na mtu asiyemjua.

Na kinachoniuma ni kwamba uongo huo haumpi chochote. Ni kweli kwamba pointi huhesabiwa tofauti kwa aliye na mwenzi. Lakini sheria inamruhusu amtaje mke wake na kueleza kwamba hatasafiri naye kwa sasa, na akifanya hivyo pointi zake huhesabiwa kama za mtu asiye na mwenzi. Mke na mtoto watatajwa, watapimwa afya, na baadaye atakuwa na haki ya kuwadhamini. Au, kama uwezo upo, awajumuishe kwenye ombi lile lile na waende pamoja. Uamuzi huo ni wa mume na mke, na hauwezi kufanywa huku mmoja wao hajui. Wifi yako aambiwe, na aambiwe na mumewe mwenyewe kwa simu, si na wewe.

Swali linalobaki ni nini alichoandika mwaka 2024. Ikiwa alijaza fomu ya viza ya masomo kabla ya nikaha, na akaandika kwamba hajaoa, alisema kweli na hana la kuogopa, ila ahifadhi cheti cha ndoa chenye tarehe. Ikiwa aliijaza baada ya nikaha na akaficha, basi kuna jambo la kusahihishwa, na lisahihishwe kwa barua kupitia mtaalamu mwenye leseni kabla hajaomba kibali cha kazi. Kulitaja mwenyewe mapema kuna tofauti kubwa na kusubiri afisa aligundue.

Kuhusu fedha, gharama halali ni hizi. Ada ya serikali ya maombi ya ukaazi kwa mtu mzima, kwa viwango vilivyoanza kutumika Aprili 2024, ilikuwa dola 1,525, yaani karibu laki moja na nusu za kwetu, na kwa mtoto dola 260. Viwango hivi hurekebishwa kila miaka miwili, kwa hiyo atazame mtandao wa serikali atakapofikia kulipa. Kuna alama za vidole, mtihani wa lugha na uchunguzi wa afya. Kwa anayeomba kupitia uzoefu wa kazi wa Kanada hakuna sharti la kuonyesha akiba benki. Yote haya ni mzigo ambao mtu mwenye mshahara anaweza kuubeba mwenyewe kidogo kidogo, na huo ndio utakuwa wakati wake wa kuanza kurudisha dhahabu za mama. Shamba, kwa upande wake, ni mali ya warithi wote. Mama ana thumuni yake, ninyi watoto mna mafungu yenu, na mdogo wenu hana mamlaka ya kuuza zaidi ya fungu lake. Nawashauri mwende kwa Kadhi mkaligawe kwa maandishi hata kama hamuuzi, kwa sababu ardhi ya Lamu isiyogawanywa, katika miaka hii ya bandari, huvutia wanunuzi wanaongoja familia igombane.

Kazi yako wewe, dada yangu, ipo hapo hapo Lamu. Nenda kwenye hoteli ya Shela uombe barua ya kazi kwenye karatasi yenye nembo yao, ikionyesha tarehe ya kuanza na kuacha, cheo, saa kwa wiki, mshahara, na majukumu yake moja baada ya jingine, kisha isainiwe na mtu aliyeandika jina, cheo na nambari ya simu. Barua ya kusema tu kwamba alikuwa mfanyakazi mwaminifu haitoshi. Fanya hivyo msimu huu, kwa maana mameneja wa hoteli hubadilika, na hoteli nyingine hufungwa. Chukua cheti cha ndoa kilichosajiliwa. Kama mlichonacho ni karatasi ya shehe aliyeozesha tu, ofisi ya Kadhi itawaelekeza. Chukua cheti cha kuzaliwa cha mtoto. Cheti cha maadili mema cha polisi wa Kenya ndugu yako ataanza kukiomba mwenyewe kupitia eCitizen, wakati ukifika.

Kisha ziweke karatasi zote mezani na uzisome majina herufi kwa herufi. Katika makaratasi ya watu wetu huu ndio ugonjwa mkubwa: pasipoti inasema Athman, cheti cha kuzaliwa kinasema Othman, na cheti cha ndoa kimeruka jina la babu. Afisa wa Kanada hajui kwamba ni mtu mmoja. Panapotofautiana, rekebisheni kinachorekebishika, na kwa kisichorekebishika mwende kwa wakili mpate hati ya kiapo inayoeleza kwamba majina hayo ni ya mtu huyo huyo.

Ikiwa ndugu yako atahitaji mtu wa kumsaidia kule, sheria inaruhusu wanasheria walio katika chama cha wanasheria cha jimbo, au washauri waliosajiliwa na chombo kiitwacho College of Immigration and Citizenship Consultants, ambacho kina orodha yake wazi mtandaoni. Amuulize yule ajenti jina lake kamili na nambari ya usajili, kisha alitafute kwenye orodha hiyo akiwa bado yuko naye kwenye simu. Akiambiwa kwamba nambari haihitajiki, au kwamba mwenye leseni ni rafiki yake, aikate simu.

Niandikie tena ukishapata majibu mawili: kama programu yake inastahili kibali cha kazi, na kama fomu ya viza ya masomo ilijazwa kabla au baada ya nikaha. Ikiwa jibu la kwanza ni baya, bado kuna njia za kutazama, ila ni tofauti na hizi na muda wake ni mfupi, kwa hiyo usingoje hadi Aprili.